Mahmut aliandika asichothubutu mama mdogo

Swali lenu la wiki hii, kama mwandishi ana haki ya kusema kwa sauti ya mgeni asiye wa kwao, limenigusa panaponiuma. Mmetolea mfano barua za Mahmut, jasusi wa Sultani wa Uturuki aliyejificha Paris tangu 1637 hadi 1682 kwa jina la Titus wa Moldavia, akipeleka Istanbul habari za wafalme wa Ufaransa. Mahmut hakuwapo duniani. Alibuniwa na Giovanni Paolo Marana, Mtaliano wa Genoa, aliyeanza kuzichapisha mwaka 1684 akidai zilikutwa katika chumba cha kupanga, zimeandikwa kwa Kiarabu.

Mimi naona kabla ya haki tuulize jambo jingine: mgeni wa kweli akiandika kwao, huficha nini?

Mama yangu mdogo alifanya kazi za ndani kwa wakubwa fulani huko Ghuba. Barua zake nikimsomea bibi, maana bibi alijua herufi za Kiarabu tu. Salamu nusu ukurasa, kisha tunaingia sebuleni mwa watu: nani hukaa karibu na mlango, nani akiingia wengine husimama. Barua moja ilihusu kahawa. Mgeni alipewa kikombe akakiweka chini bila kukigusa, sebule nzima kimya, kwani kwao mwenye haja hanywi mpaka akubaliwe haja yake. Mama mdogo amesimama na dele mkononi, hajui abaki au arudi jikoni. Bibi akanirudisha hapo mara tatu. Alitaka kujua haja yenyewe ni posa au deni, na barua haikusema. Majirani wakaingia kati. Mmoja akashikilia ni posa, tena ya binti mdogo, na ubishi huo ukawa wa kila alasiri barazani kwetu.

Aliporudi ndipo tulipojua kwamba mwaka ule hakulipwa mshahara, na pasipoti yake ilifungiwa kabatini. Hakuandika hata neno. Kila barua ilipita kwanza mikononi mwa mwenye nyumba.

Ndiyo maana nilikaa kuandika nikiwa na hasira na Marana. Alivaa kanzu ya mtu apate kuwasema wakubwa wa Ulaya, na wasiwasi wote wa Mahmut, hofu ya kukamatwa, mashaka ya imani, ni wa kutungwa. Lakini kadiri ninavyoandika naona kwamba huyo wa kutungwa aliweza kulalamika, na mama mdogo hakuweza. Mtu aliyefungwa mdomo huenda akahitaji mwingine amsemee.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, haki anayo, ila ampe mgeni wake na maumivu, asimwazime macho tu. Na sharti langu la pili: anayefundisha barua za Mahmut awasomeshe wanafunzi pia safari ya Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 na habari zake zikabaki kwa Kiswahili. Hapo napo tahadhari, maana Selim alisafiri na bwana wake Mjerumani, na maandishi yake yakachapishwa Ujerumani. Kila nikimsoma natafuta kile ambacho hakukiandika.