Barua kwa mwanangu: ile hela ya dereva wa fuso

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Kibaigwa. Mdogo wako malaria imemwachia, na mahindi mapya yameanza kuingia sokoni. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema umeombwa kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hapo chuoni UDOM juu ya barua pepe za kitapeli, na unaniuliza mimi, muuza mahindi, uwape dalili gani wasizozisahau.

Dalili unazijua kunishinda. Wewe ndiye uliyenifundisha, Krismasi ile, kugusa jina la mtumaji mpaka anwani yenyewe ijitokeze, na kuisoma kuanzia mwishoni: ya serikali huishia na go.tz, ya chuo ac.tz. Anayeandika mikopo-go-tz.com amepanga mahindi mazuri mdomoni mwa gunia. Nilielewa papo hapo, maana ndiyo kazi ya bambo, kile chuma chenye ncha tunachochomea gunia kutoa punje za ndani. Gunia hatulinunui kwa kutazama juu. Tunachoma ubavuni, tunachoma na chini, tunaona kinachotoka. Waambie hivyo. Kiungo nacho, yaani linki, wakishikilie kwa kidole bila kukifungua, waone kinakoelekea. Na nywila asipewe mtu, hata akijiita nani.

Lakini bambo nilikuwa nalo mkononi mwaka ule ulipoingia kidato cha tano.

Unakumbuka uliripoti shule wiki mbili nyuma ya wenzako. Nilikuambia bei imeanguka. Haikuanguka, mwanangu. Nilikuwa nasubiri dereva wa fuso aliyetuletea mzigo kutoka Mlali anitumie namba ya kumlipa. Mchana ukaingia ujumbe: ile hela itume kwenye namba hii. Nikaingiza namba, likatokea jina la mwanamke. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Simu ilinionyesha! Nami nikakaa pale juu ya magunia nikamtungia dereva mke, nikasema huyu ndiye anayemtunzia hela, nikabonyeza. Shilingi 420,000. Jioni dereva mwenyewe akapiga kuulizia malipo yake.

Sikumwambia mtu. Baba yako alijua baada ya mwezi. Na siku ya tatu yule mama ninayepanga naye magunia, yule aliyekushonea sare, akapata ujumbe uleule, neno kwa neno, akatuma. Alilia mbele yangu. Nikampa pole kama mtu asiyejua lolote.

Haraka ya mtu isiwe haraka yako. Neno hili nimewaimbia ninyi tangu mkiwa wadogo, na bado ninalishikilia. Barua inayosema "thibitisha ndani ya saa 24, la sivyo bumu lako la mkopo linasitishwa" inataka usipate nafasi ya kumuuliza aliye kitanda cha pili. Ingawa hapa nabishana na nafsi yangu, kwa sababu dirisha la maombi ya mkopo hufungwa kweli, na mwaka wako nilikuambia utulie, ikabaki kidogo tu ulikose. Haraka nyingine ni za haki. Basi niseme hivi: haraka ikija, waijibu kwa kupitia mlango mwingine. Waandike wenyewe anwani ya tovuti, waende ofisini, wapige namba waliyokuwa nayo tangu zamani. Namba ya yule dereva nilikuwa nayo. Ingenichukua dakika moja.

Na anwani peke yake haitoshi, wewe unalijua hilo kuliko wote. Mwaka wako wa kwanza, ulipoingiza nywila kwenye ule ukurasa wa uongo, barua zilizowafikia wenzako zilitoka kwenye anwani yako halisi. Wangechoma bambo juu na chini wasingeona uchafu. Kilichowaokoa waliookoka ni yule mmoja aliyekupigia kuuliza, "Ni wewe kweli?" Hao wa mwaka huu wafundishwe kuulizana, na wawashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti zao, ule unaodai msimbo wa pili juu ya nywila, kama ulivyowasha wewe baada ya hapo. Ujumbe wa simu wa kitapeli wauripoti 15040. Mimi enzi zile sikuijua namba hiyo.

Hukuniuliza kama uwasimulie yaliyokupata. Jibu ninalo. Nimeliandika hapa mara mbili nikalikata, kwa kuwa utakayesimama mbele ya ukumbi ni wewe, na utakaopishana nao kila asubuhi baada ya hapo ni wao. Siwezi kukubebea hilo. Ila yule mama bado tunapanga magunia pamoja, na mpaka leo hajui kwamba mimi nilitangulia.

Ukihitaji nauli ya kuja, piga nisikie sauti yako. Ujumbe wa kuomba hela siujibu, hata ukitoka kwenye namba yako.

Mama yako