Aliyekata kamba ni muuaji?

SWALI: Za kazi jamani. Juzi nimeangalia Touching the Void, ile muvi ya kisa cha kweli cha wapanda milima wawili, mpaka usiku wa manane, sasa nyumbani hakukaliki, mume wangu anasema yule Simon aliyemkatia mwenzake kamba ni muuaji tu, mi nasema hapana. Nani yuko sahihi? Na mnitajie visa vingine vya kweli vya milimani, kitabu au muvi sawa tu, ila sio zile za helikopta kulipuka.

JIBU: Dada yangu niko upande wako, na shemeji mwambie airudie pale kwenye fundo. Ni 1985, mlima Siula Grande kule Peru, Joe Simpson kavunjika mguu na Simon Yates anamshusha kwa kamba mbili zilizoungwa, sasa kila fundo likifika kwenye kile chuma cha kushushia halipiti, inabidi Joe asimame kwa mguu mzima ili kamba ilegee Simon alihamishe fundo upande wa pili. Ikaenda vizuri tu mpaka Joe akapitiliza ukingo wa genge akabaki ananing'inia hewani, atasimama wapi? Kamba hailegei, fundo halipiti, na Simon mwenyewe kakaa kwenye kishimo cha theluji kinachomomonyoka taratibu chini ya makalio yake. Angengoja wangeenda wote wawili. Joe mwenyewe, aliyeangukia kwenye ufa wa barafu akatoka na kutambaa siku tatu hadi kambini huku wimbo wa Boney M asioupenda hata kidogo ukimzunguka kichwani, ameshasema mara nyingi kwamba hana kinyongo na Simon, sasa sisi tulio kwenye kochi tunamshtaki kwa lipi?

Ukishalielewa hilo fundo tafuta Nordwand, muvi ya Kijerumani ya 2008 kuhusu mkasa wa 1936 kwenye mlima Eiger kule Uswisi, ila jiandae. Toni Kurz kabaki peke yake kwenye kamba, wenzake watatu wamekufa, mkono mmoja umeganda na waokoaji wako chini yake pale karibu kabisa. Kamba waliyompa ikawa fupi wakaiunga na nyingine. Anashuka, anashuka, fundo likafika kwenye pete ya chuma likagoma kupita. Akafia hapohapo. Aisee mi nilizima nikaenda kunywa maji kwanza.

Kwangu hizi ndizo zinazoshika kuliko maporomoko ya theluji ya kompyuta, maana unaona kabisa kakitu kadogo kanavyoua. Soma Annapurna cha mpanda milima Mfaransa Maurice Herzog, 1950 yeye na mwenzake wamefika kilele cha mlima huo wa Nepal, cha kwanza cha zaidi ya mita 8000 kuwahi kupandwa na binadamu, wanashuka, anafungua begi, glavu zinamponyoka zinateleza bondeni anaziangalia tu. Soksi za akiba alikuwa nazo, kuzivaa mikononi hakukumjia kabisa, akili ya kule juu ndo ilivyo, na vidole vingi vikaishia kukatwa.

Kuhusu Everest 1996, walipokufa watu 8 kwenye dhoruba moja, anza na Into Thin Air cha Jon Krakauer aliyekuwepo mwenyewe, na macho yako yawe kwenye saa. Wapandaji waliambiwa ikigonga saa nane mchana unageuka hata kama kilele unakiona, lakini kiongozi Rob Hall alikuwa bado juu akimsubiri mteja wake aliyefika baada ya saa kumi. Ila usiishie hapo, kuna The Climb cha Anatoli Boukreev, kiongozi wa wapandaji wa timu nyingine, ambaye Krakauer alimlaumu kwa kushuka mbele ya wateja na kumbe huyohuyo ndiye aliyetoka usiku kwenye ile dhoruba akawarudisha watu kambini. Hivyo viwili someni wote, wewe chukua kimoja na shemeji kimoja halafu mbadilishane, najua mtagombana tena.