Maikrofoni ya kondensa inavuma na sauti imefifia: anza kupima kwenye pini

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina maikrofoni ya kondensa ya bei nafuu ninayorekodia nyumbani kupitia kadi ya sauti ya USB yenye kitufe cha 48V. Ilikuwa sawa kwa miezi kadhaa. Sasa sauti imekuwa ndogo na nyuma yake kuna mvumo. Tena, nikirekodi alfajiri kukiwa na baridi, inapasuka-pasuka kama maji yaliyodondokea kwenye mafuta ya moto. Nimebadilisha programu ya kurekodia lakini wapi. Je, kapsuli imekufa?

Jibu: Nzuri, ndugu msomaji. Kapsuli, kile kidude kinachonasa sauti, iache kwanza. Ulichoeleza ni hitilafu mbili tofauti: sauti ndogo yenye mvumo kwa kawaida ni mguu mmoja wa laini uliokatika, na kupasuka-pasuka kwenye baridi ni unyevu. Programu haihusiki na lolote kati ya hayo.

Tuanze na mguu. Kwenye plagi ya XLR, ile ya pini tatu ya maikrofoni, pini 1 ni gandi, na pini 2 na 3, ambazo ndizo miguu ya laini, hubeba sauti ileile, moja ikiwa imepinduliwa. Kelele inayodakwa njiani huingia sawa kwenye pini zote mbili, kisha kadi huifuta. Mguu mmoja ukikatika, unapoteza nusu ya sauti, yaani desibeli 6 hivi, na ule ufutaji wa kelele nao unakufa. Ndiyo maana vitu hivyo viwili vimekuja pamoja.

Chomoa maikrofoni, acha kebo kwenye kadi, teremsha sauti ya hedifoni hadi chini kabisa, kisha washa 48V. Weka multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 200, upime kwenye ncha ya kebo yenye matundu. Kati ya 1 na 2 utarajie volti 44 hadi 52, na kati ya 1 na 3 vilevile. Kati ya 2 na 3 iwe karibu na sifuri. Tundu moja likikosa umeme, badilisha kebo upime tena kabla ya kuilaumu kadi. Huku unapima, kunja kebo karibu na plagi zote mbili, maana nyuzi hukatika hapo kuliko katikati.

Kebo ikiwa salama, fungua mwili wa maikrofoni, uiunganishe, na upime tena kwenye pini za soketi yake kwa ndani. Kipimo hiki ndicho kinachosema mengi. Umeme wa 48V, unaoitwa fantomu, hupita kwenye rezista ya kilo-omu 6.8 kwa kila mguu, kwa hiyo volti zinazoshuka hukuonyesha maikrofoni inakula kiasi gani. Ukisoma volti 40, zimeshuka 8. Gawanya kwa 6,800, unapata miliampia 1.2 kwa mguu, 2.4 kwa jumla. Hicho ni kiasi cha kawaida. Miguu yote miwili ikibaki 48, saketi haili chochote: tafuta waya uliong'oka au lehemu iliyopasuka. Ikishuka yote karibu na sifuri, kuna shoti, na kapasita ya elektroliti ni mshukiwa mzuri. Lakini kwa dalili zako, natarajia mguu mmoja ushuke na mwingine ubaki palepale 48. Fuata huo usioshuka, kuanzia pini hadi kwenye transista yake. Mara nyingi ni lehemu ya waya mwembamba nyuma ya soketi.

Kabla ya kulehemu, zima 48V, chomoa, usubiri nusu dakika kapasita zipoe umeme. Ukilazimika kubadilisha kapasita iliyo upande wa fantomu, weka ya 63V, kwa sababu fantomu inaruhusiwa kufika volti 52 na ya 50V haina nafasi.

Jaribio dogo la mvumo: shika mwili wa maikrofoni kwa mkono. Mvumo ukibadilika, mwili haujaungwa na pini 1. Rangi chini ya skrubu ya soketi huzuia mguso. Ikwangue mpaka chuma kionekane, kisha kaza.

Sasa unyevu. Kapsuli ni kapasita ndogo mno, na rezista inayoihudumia hufika giga-omu 1. Kwa kiwango hicho, hata jasho la kidole au mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) kwenye bodi hugeuka njia ya umeme kuvuja, nawe unasikia ule mlio. Sugua eneo linalozunguka transista ya FET (ile inayopokea ishara ya kapsuli) kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 99, bila kuigusa kapsuli. Kisha funga maikrofoni nzima kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na pakiti za silika, saa 24 hadi 48. Usitumie mashine ya kukaushia nywele: joto hupunguza chaji ya elektreti, yaani chaji ya kudumu iliyomo kwenye kapsuli, na chaji hiyo hairudi. Kiwambo, ule utando wa kapsuli, nacho usikipulize wala kukifuta, hata kikionekana kina vumbi.

Mlio ukiisha halafu ukarudi baada ya dakika kumi za kuimba, ni pumzi yako. Weka kichujio cha pumzi sentimita 10 mbele ya wavu, na maikrofoni ikae kwenye kopo lake kila ukimaliza kazi.

Kapsuli iulizwe mwisho: saketi inakula umeme sawasawa, bodi ni kavu, na sauti bado ni hafifu. Ukinunua nyingine, hakikisha kwanza kama ya zamani ina FET ndani au haina, kwa sababu hazibadilishani. Mguu wa kapsuli ulioungana na ganda lake la chuma ndio gandi. Ncha ya pasi ya kulehemu isikae juu ya mguu zaidi ya sekunde 2.