Masharti ya hati na jirani anayesimamisha ujenzi

SWALI

Shikamoo wakili. Mimi ni mwalimu, ninaishi Kisasa, Dodoma. Kiwanja changu alikipata marehemu baba enzi za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), na baada ya mamlaka hiyo kuvunjwa tulifuatilia hadi tukapata hati mpya ambayo sasa ina jina langu. Nina kibali cha kujenga nyumba yangu pamoja na vyumba vitatu vya kupangisha upande wa nyuma, na ninafikiria kuongeza fremu mbili za maduka upande wa barabara. Jirani yangu anapinga yote. Anakuja na karatasi zake za zamani za CDA akisema kila kiwanja cha eneo letu kinaruhusiwa nyumba moja tu. Ameshaingia kwangu na kuwafukuza mafundi, kisha akamleta mwenyekiti wa mtaa, ambaye ameniambia nisimamishe ujenzi mpaka tuelewane. Nina mashaka pia kwamba ukuta wake umeingia kwangu, kwa kuwa bikoni (alama ya mpaka) ya kona hiyo haionekani tena. Je, anaweza kunizuia kwa kutumia masharti ya hati? Nifanye nini?

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Jirani yako ana haki ya kulalamika, lakini hana mamlaka ya kutekeleza masharti ya hati yako. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo itakayokulinda, mradi wewe mwenyewe usiwe umeyavunja masharti hayo.

Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa msingi huo, hati uliyonayo ni haki ya kukalia na kutumia ardhi kwa muda uliotajwa na kwa masharti yaliyoandikwa ndani yake, na masharti hayo ni makubaliano kati yako na Serikali. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mwenye kuchukua hatua dhidi ya mmiliki aliyekiuka ni Serikali kupitia Kamishna wa Ardhi, na hata yeye hawezi kukurupuka: hutoa ilani, humpa mmiliki nafasi ya kujieleza, anaweza kutoza faini au kuamuru kosa lirekebishwe, na kufutwa kwa miliki, ambako ni uamuzi wa Rais, huja mwishoni kabisa. Hakuna mahali ambapo sheria imemkabidhi jirani kazi hiyo.

Karatasi za CDA anazokuja nazo zinahitaji maelezo ya ziada, kwa sababu suala hili linawasumbua watu wengi wa Dodoma. CDA iliundwa mwaka 1973 kustawisha makao makuu, na kwa miaka mingi waliogawiwa viwanja walikuwa kama wapangaji wake, kila mmoja akiwa na mkataba wenye masharti yake. Ilipovunjwa Mei 2017, majukumu yake yalihamishiwa Manispaa, ambayo leo ni Jiji la Dodoma. Kuvunjwa huko hakukuwa ruhusa ya kila mtu kujenga apendavyo. Hata hivyo, wewe ulishapata hati mpya, na masharti yanayokufunga ni yale yaliyomo katika hati hiyo, yakisomwa pamoja na kibali chako cha ujenzi na ramani ya mipango miji ya eneo. Karatasi ya jirani inaeleza wajibu wa jirani kwa kiwanja chake. Haiwezi kuhamishiwa kwako kwa sababu tu mnapakana.

Fungua hati yako na usome sehemu ya masharti neno kwa neno. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na kinakutatiza, mpelekee Afisa Ardhi akufafanulie. Kwa kawaida utakuta muda wa kuwasilisha michoro na kukamilisha jengo (miezi 36 ni muda unaotajwa katika hati nyingi), katazo la kujenga kinyume cha michoro iliyoidhinishwa, wajibu wa kutunza bikoni, na matumizi ya ardhi pamoja na kundi lake katika kanuni za mipango miji. Ukikuta maneno yanayoruhusu jengo kuu moja tu, yasome kwa makini pamoja na kile kinachosemwa kuhusu mabanda yake ya kawaida (majengo madogo ya nje), kisha uyalinganishe na michoro iliyogongwa mhuri na Jiji. Vikipingana, peleka barua Jiji uombe ufafanuzi wa maandishi kabla ya kuendelea, kwa maana mhuri wa kibali peke yake hauondoi sharti lililo kwenye hati.

Iwapo hakuna sharti la aina hiyo, vyumba vya nyuma havina tatizo. Mtu anayepanga chumba ili alale na kupika humo anaishi, na matumizi yanabaki kuwa makazi hata kama wewe unapokea kodi.

Fremu ni jambo jingine, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu sitaki uharibu kesi yako kwa mikono yako. Duka ni biashara. Hati yako ikisema makazi pekee, kujenga fremu bila kubadili matumizi ni kukiuka sharti waziwazi, na malalamiko ya jirani yatakuwa na mashiko. Njia halali ni kuomba Jiji, kupitia ofisi ya mipango miji, kubadili matumizi kutoka makazi kuwa makazi na biashara. Kusudio hilo hutangazwa ili majirani watoe maoni au pingamizi, na hapo ndipo sauti ya jirani yako inapostahili kusikika. Hoja zenye uzito ni kama maegesho, kelele, maji taka na upana wa barabara. Kwamba hapendi tu si hoja, na pingamizi lake si kura ya turufu, kwani uamuzi ni wa mamlaka ya upangaji. Ukikubaliwa, hati hurekebishwa ili ionyeshe matumizi mapya, na kodi ya pango la ardhi hupanda, kwa hiyo fanya hesabu zako mapema.

Kuhusu mwenyekiti wa mtaa, mheshimu na umsikilize, maana usuluhishi wa awali ni kazi anayoiweza vizuri. Amri ya kusimamisha ujenzi, hata hivyo, hutolewa na mamlaka ya upangaji kwa maandishi, na ikitolewa ni lazima uitii hata kama unaona imekosewa, huku ukiipinga kwa njia zake. Mwombe mwenyekiti, kwa lugha ya staha, akuandikie ametumia mamlaka gani, umwonyeshe kibali, na umpe nakala. Mara nyingi jambo hilo huishia hapo.

Jirani kuingia kiwanjani bila idhini na kufukuza mafundi ni uvamizi. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na majina ya mafundi walioshuhudia. Mwandikie barua ya kumtaka aache, umkabidhi mbele ya shahidi au kupitia ofisi ya mtaa, na ubaki na nakala iliyosainiwa. Akirudia, toa taarifa polisi.

Suala la ukuta lisisubiri. Kwa kuwa hati inakupa wewe wajibu wa kutunza bikoni, gharama ya kurejesha iliyopotea ni yako. Tafuta mpima mwenye leseni au idara ya upimaji ya Jiji wafufue mipaka kwa kutumia ramani ya upimaji iliyosajiliwa, na umwalike jirani kwa maandishi awepo siku hiyo. Usimwage msingi upande ule kabla ya kazi hiyo, na wala usiguse ukuta wake hata ikionekana umeingia kwako.

Mkishindwa kuelewana, anzia Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu katika migogoro ya ardhi. Linasuluhisha tu, nalo lina siku 30 za kufanya hivyo. Likishindwa, litakupa uthibitisho utakaouambatanisha na shauri lako katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako unaweza kuomba zuio la muda dhidi ya bughudha wakati shauri likiendelea. Mgogoro wa umiliki wa mali yenye thamani inayozidi shilingi milioni 300 huenda Mahakama Kuu.

Kabla ya hayo, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani omba kuona kilichosajiliwa juu ya kiwanja chako. Ikiwa marehemu mzee aliwahi kuwekeana na majirani makubaliano yaliyosajiliwa, kwa mfano kuacha njia ya kupita, yataonekana huko, na hayo jirani anaweza kuyadai moja kwa moja kwa sababu ni haki yake. Rejista ikiwa safi na hati ikiwa haina sharti la jengo moja, warudishe mafundi kwenye vyumba vya nyuma kwa kufuata michoro, upande usio na mgogoro wa mpaka, na fremu zisubiri barua ya Jiji.