La sivyo, si "vinginevyo"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi hapa Dodoma, nimepanga Ng'hong'onha. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza lugha ndogo ya kompyuta ili watoto wa shule za msingi wajifunze kuandika programu kwa Kiswahili. Pale Kiingereza kinaposema IF, ELSE na WHILE, sisi tumeweka "kama", "vinginevyo" na "wakati". Mwenzetu mmoja anashikilia kuwa "kama" haifai, iwe "ikiwa". Tushike lipi? Na je, maagizo tunayoiandikia kompyuta, yaani "code" ya Kiingereza, tuyaite "kodi" au "msimbo"?

JIBU: Marahaba, mwanangu. La mwisho nalimaliza kwanza: msimbo. Kodi tunayo tayari, tunadaiwa na mwenye nyumba na tunadaiwa na serikali, inatosha. Na kijana anayempigia mama yake simu kumweleza kuwa amekesha "akikodi" atatumiwa hela ya chumba. (Najua kuna "postikodi" kwenye anwani zetu za makazi. Siwezi kugombana na kila nguzo ya mtaa.)

Kuhusu "kama" na "ikiwa", mwenzenu hana kesi. "Kama" limetoka Kiarabu likiwa na kazi ya kufananisha, na kazi hiyo bado linaifanya, lakini mtoto wa darasa la tatu analitumia kwa masharti kutwa nzima bila kuchanganyikiwa. Liacheni.

Sasa niruhusu nishughulike na lile la katikati, ambalo wala hukuniuliza.

Karibu na kwangu, Chang'ombe, kuna nyumba ya wapangaji. Mlangoni pamebandikwa karatasi: "Lipeni kodi kabla ya tarehe 5. Vinginevyo mtahama." Kila nikipita naisoma, na kila nikiisoma presha inapanda. "Vinginevyo" maana yake ni "kwa namna nyingine". Ondoa neno, weka maana, uone mwenye nyumba amesema nini: Lipeni kodi kabla ya tarehe 5, kwa namna nyingine mtahama. Namna nyingine ipi? Nikilipa tarehe 3 kwa simu badala ya taslimu, nimelipa kwa namna nyingine, nihame? Nikilipa nusu? Nikimletea ndoo mbili za zabibu zenye thamani ya kodi yake? Zote hizo ni namna nyingine, na mpangaji mjanja angeweza kumzungusha mzee wa watu mpaka Krismasi.

Angeandika "la sivyo" pasingekuwa na mwanya. "La" ni hapana, nalo tulilipata kwa Waarabu. "Sivyo" ni letu wenyewe. Hapana, haikuwa hivyo: sharti limekataa, basi hama. Neno linarudi moja kwa moja kwenye sharti na kulikanusha. Hiyo ndiyo kazi ya ELSE, na hana kazi nyingine.

Sisemi "vinginevyo" lifutwe. Mwanasheria akiandika "isipokuwa pale sheria itakapoelekeza vinginevyo", yuko sawa kabisa, kwa sababu sheria kweli inaweza kuelekeza kwa namna nyingine. Neno linakaa baada ya kitenzi, linaeleza jinsi. Nadhani kosa lilianza pale watafsiri walipokutana na "otherwise" ya Kiingereza mwanzoni mwa sentensi, wakaliona limevaa nguo ileile, wakaliita jina lilelile. Kutoka hapo likaingia magazetini, likaingia kwenye matangazo ya vikao, likafika mlangoni Chang'ombe. Binadamu tunavumiliana, mpangaji anaelewa kuwa anatishiwa. Lakini ninyi mnataka kulipandikiza kwenye mashine, ambayo watoto watadhani ndiyo inayojua.

Na mashine yenyewe inajua mambo mawili tu, ndiyo na siyo. George Boole, Mwingereza, alichapa mwaka 1854 kitabu chenye hesabu za mambo hayo mawili, na kompyuta zetu zinaishi kwa hesabu hizo. Sisi tuna "ndivyo" na "sivyo", mapacha wa mzazi mmoja, wamekaa tu wanasubiri kuajiriwa. Kisha mnawapita mlangoni mnakwenda kumchukua "vinginevyo"!

Kwa kweli Kiswahili kikiachwa kiende chenyewe hata hayo maneno hakiyahitaji. "Mvua ikinyesha, anua nguo, isiponyesha, ziache." Yako wapi "kama" na "la sivyo"? Yamo tumboni mwa kitenzi, kwenye -ki- na -sipo-. "Funga zizi, mbuzi wasije wakatoka." Hapo nako sharti limo, na hakuna neno la pembeni lililoguswa. Siku mtakayotengeneza lugha ya kompyuta inayosoma -ki- na -sipo-, nipigieni hata usiku wa manane. Kwa sasa mashine inataka neno limesimama peke yake mbele, basi mpeni lile lililo sahihi.

"Wakati" nalo mlitoe. "Wakati bomba linatoa, kinga ndoo": nimekinga ndoo moja, nimekaa. WHILE anataka nirudie mpaka maji yakate. Neno lipo: "maadamu". Maadamu bomba linatoa, kinga ndoo. Mtu yeyote aliyewahi kuishi na mgao wa maji hapa mjini ataelewa programu hiyo kabla hujamfundisha.

Watakuja wakubwa kuwaambia kuwa msimbo wa Kiswahili hautasomeka duniani. Waonyesheni Excel, ile programu ya majedwali ya hesabu. Mhasibu wa Ujerumani anaandika WENN, wa Ufaransa anaandika SI, na faili hilohilo likifunguliwa kwenye Excel ya Kiingereza hapa Dodoma linaonyesha IF. Neno ni nguo, mwili chini yake ni mmoja. Vitalu vya Scratch, lugha ambayo watoto hupanga programu kwa kuunganisha vitalu vya maneno, navyo unaweza kuvisoma kwa Kiswahili leo hii, na mtoto anayesomea China akavisoma kwa Kichina.

Tena maneno yenyewe ni machache. Python, lugha ya kompyuta maarufu, ina maneno maalumu 35 tu, mnayamaliza jioni moja kwa kahawa. Kazi iko kwenye ujumbe wa makosa, na kosa la kwanza litatoka nyumbani kwenu. Alama ile ya juu katika ng' ndiyo lugha nyingi za kompyuta huitumia kufungua na kufunga maandishi. Mtoto akiandika 'Chang'ombe', mashine inasoma "Chang", inadhani maandishi yamekwisha, halafu inakutana na "ombe" na alama moja ya ziada isiyojua pa kuipeleka. Huko kwenu Ng'hong'onha zimo mbili katika jina moja; jaribuni mwone. Na mtoto asiambiwe "sintaksia batili". Aambiwe: "Mstari wa 4, maandishi yameishia kwenye Chang. Tumia alama mbilimbili (" ") kufungua na kufunga."

Mwenye nyumba wangu wa Chang'ombe nilimwandikia karatasi mpya kwa mkono wangu, "la sivyo" nikaipigia mstari. Ameibandika. Juzi ananiambia wapangaji bado hawajalipa, vinginevyo anashukuru.