Ukienda ukweni, unabeba kitabu gani?

Kila ikikaribia Desemba naletewa swali lilelile: "Dada, nitajie kitabu kizuri cha kusoma likizo." Kabla sijataja chochote huwa nauliza: unakwenda wapi, na asubuhi utakuwa na kazi gani? Watu huona nazunguka. Wao wanataka jina tu waende kununua.

Lakini tuseme ukweli. Wengi wetu likizo si kiti cha ufukweni na dafu lenye mrija. Likizo ni kwa wazazi au ukweni, nyumba imejaa, watoto wamelala mkekani sebuleni, na kila ukifungua ukurasa kuna mtu anapiga hodi kuja kusalimia. Kitabu kinachotaka utulivu wa saa tatu hakitavuka sura ya pili. Ndiyo maana mimi natazama kwanza muda nitakaoupata na mahali nitakapoupata. Sifa za mwandishi zinafuata.

Mimi nimeolewa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Tunatoka Dar kwa SGR mpaka Dodoma, tunaingia basi mpaka Mwanza, kisha meli mpaka Nansio. Kila kipande cha safari kina kitabu chake.

Kwenye treni unakaa kama saa tatu na nusu, kiti kimetulia, meza iko mbele yako. Hapo ndipo pa kuanzia kitabu kigumu, kwa sababu kazi iko kwenye kurasa thelathini za mwanzo. Ukishawazoea wahusika, hata ukija kukatizwa unajua pa kurudi. Kichwamaji cha Kezilahabi kinafaa kwa kipande hiki, tena kinaanza na mwanafunzi wa chuo kikuu aliye likizo. Kinavyoishia msiniulize, hasa kama mnakwenda kupumzika. Wala msidanganywe na wembamba wa kitabu. Nagona, cha mwandishi huyohuyo, ni kijitabu unachoweza kukitia kwenye mfuko wa koti, lakini ukikifungua unatafuta njia kila ukurasa. Vuta N'kuvute cha Adam Shafi ni kinene, na bado kinakwisha upesi, kwa kuwa ukishamfuata Yasmin anapomkimbia mumewe huwezi kumwacha njiani.

Basi ni dunia nyingine. Skrini inaonyesha filamu kwa sauti ya kuamsha wafu, jirani yako anakula mahindi, na jua likizama taa zinazimwa. Hapo beba riwaya ya upelelezi, hakuna mjadala. Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, bado kinanishika, pamoja na mpelelezi wake Bwana Msa na kiko mdomoni. Anayetaka mbio na risasi ana Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa. Mtu akikukanyaga mguu katikati ya sura, unamsamehe na kuendelea.

Vingi vya hivi utavipata kwa wauza vitabu vya mtumba, wale wanaovitandaza chini kando ya barabara mjini. Usinunue kwa kutazama jalada. Kifungue katikati uone kama gundi imeachia. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa, maana kuna nakala zinazotoka ukurasa wa 64 na kutua 81. Halafu nenda mwisho kabisa. Riwaya ya upelelezi isiyo na karatasi ya mwisho, hata ukipewa bure umepigwa. Muuzaji akinuna, mwache anune. Ukishaishika nakala nzima, soma aya moja hapohapo umesimama. Kama hapo penye kelele za bodaboda umesahau unakokwenda, lipa.

Kuna rafu nyingine ambayo watu huiruka: vitabu vya shuleni. Tulivisoma kwa hofu ya mtihani, kalamu mkononi, tukisaka dhamira, wahusika na mandhari, na wengine tulisoma muhtasari tu. Vuta N'kuvute chenyewe kuna waliokutana nacho kidato cha tano na sita wakakichukia. Kirudie sasa, hakuna atakayekuuliza mbinu za kisanaa. Utagundua mle ndani kuna mapenzi, siasa ya miaka ya hamsini na vichekesho ambavyo mwalimu alivipita haraka.

Sasa tufike ukweni kwenyewe. Mimi pale si mgeni, ni mkamwana. Mkamwana anayejitenga na kitabu saa nne asubuhi, wenzake wako jikoni, atasemwa mpaka Pasaka. Sijawahi kuona sababu ya kugombana na hilo. Nachagua kitabu kinachoweza kusomwa kwa sauti, basi. Mwaka mmoja nilibeba Rosa Mistika, kwa sababu Kezilahabi ni mtoto wa Ukerewe na nyumbani kwa Rosa ni Namagondo, hapohapo kisiwani. Tulikuwa tunamenya mihogo uani, wifi yangu akaniambia, "Wewe tuache kumenya, tusomee." Nikafuta mikono kwenye khanga nikaanza. Lilipotajwa Namagondo, mama mkwe akasimamisha kisu. "Namagondo hii?" Kuanzia hapo sikusoma aya mbili bila kukatizwa. Huyu anasema njia ile haikuwa vile zamani, yule anasema baba wa aina ya Zakaria anamjua, alikuwa jirani yao, akimchunga binti kwa fimbo na mwenyewe yuko kilabuni. Sinia la mihogo lilikwisha hatujamaliza sura.

Nikupe tahadhari moja. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1971 na kuna wakati kilipigwa marufuku shuleni, na ukikisoma mbele ya mama mkwe unajua kwa nini. Kuna kurasa nilikohoa, nikafunua mbili kwa pamoja. Wifi aliona. Jioni alikuja chumbani kukiomba.

Kwa hiyo, kama unaweza, tafuta kitabu cha kule unakokwenda. Anayekwenda Unguja abebe Kuli cha Adam Shafi, asome habari za mgomo wa wapagazi wa mwaka 1948 kisha akapite bandarini. Anayevuka mpaka kwenda Kenya, au mwenye vijana wa sekondari nyumbani, abebe Siku Njema cha Ken Walibora. Kongowea anatoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta baba yake, na kijana anayejifanya hapendi kusoma atakuuliza kama amempata.

Simu naitumia kwa makala fupi tu. Umeme ukikatika siku mbili, chaji iliyobaki ni ya kupokea simu za watu, si ya riwaya. Taa ndogo ya sola inatosha kwa karatasi, na ukilala ukiwa unasoma haikuangukii usoni na kupasuka kioo.

Vitabu viwili au vitatu vinatosha. Mtu akibeba saba anabeba uzito wa kumsuta kila anapofungua begi. Na hivyo viwili, hesabu kwamba havitarudi. Atakuja mpwa, atakuja mwalimu wa shule ya jirani, kila mmoja atasema "nakirudisha kesho". Nunua vyako, andika jina ukitaka, uvitoe kwa roho safi. Cha kuazima kiache Dar. Mwenyewe atakidai mwezi wa kwanza, na wewe utakuwa unampigia simu mtoto wa darasa la saba ambaye ameshakiazimisha kwa rafiki yake wa Ilangala.