Mbwa wako akifika mwisho, usiiachie njaa kazi hiyo

Juzi msomaji mmoja wa Dodoma ameniandikia. Mbwa wake ana uvimbe tumboni, daktari amesema hakuna tena la kufanya, na mumewe anataka waache tu, "atajifia". Anauliza mimi nilifanyaje kwa Sijali, mbwa wangu niliyemwita daktari amlaze kwa sindano. Najua wengi wenu hapa mnafuga kwa mapenzi, si kwa kulindiwa banda la kuku tu, kwa hiyo namjibu mbele yenu.

Sijali alikuwa chotara: mama wa kienyeji, baba German shepherd wa watu aliyeruka ukuta. Jina alipewa na mdogo wangu, kuwajibu majirani waliosema hatutaweza kumlisha. Tulimlisha miaka tisa, hapa hapa Marangu.

Ugonjwa ulianza na maji. Beseni la kutwa likawa linakauka kabla ya saa sita mchana, na usiku anakwaruza mlango atoke akojoe. Akakonda. Akawa anatapika asubuhi, na mdomo unanuka mkojo. Alipoacha kula, mtaa ukaanza kunong'ona: kichaa cha mbwa. Kijana mmoja alishaokota jiwe. Nikamtolea kadi ya chanjo, mhuri wa kila mwaka umo, hakuna uliorukwa. Akalitupa jiwe. Tunzeni kadi, jamani.

Vipimo vya damu vilionyesha ni figo. Daktari wetu wa mifugo, kijana aliyesoma SUA, chuo cha kilimo kule Morogoro, hakuzunguka: kreatinini, taka ambayo figo huichuja, ikishapanda hivyo kwenye damu, sehemu kubwa ya figo imeshakufa, na iliyokufa hairudi. Tungeweza kumpunguzia mateso, si kumponya. Akaandika dripu na dawa ya kuzuia kutapika, akapiga marufuku dagaa na mifupa kwa sababu ya fosforasi, madini yanayozielemea figo mbovu. Apewe wali na ute wa yai. Nikapika. Ndiyo, nilimpikia mbwa wali, na shemeji yangu akanicheka mbele ya wageni. Mtu anayemaliza mshahara baa ananihesabia bei ya mchele! Sijasahau.

Miezi iliyofuata nairuka, ilikuwa wali na kufua matambara.

Sasa, siku ya sindano unaijuaje? Daktari aliniambia nichague mambo matatu anayoyapenda kuliko yote, niyaangalie. Sijali alipenda kumsindikiza mama hadi barabarani, kuzibwekea bodaboda, na kulala jikoni karibu na moto. Barabara iliondoka kwanza. Siku bodaboda ilipopita na yeye hata sikio hakuinua, nikampigia daktari simu. Usingoje la tatu.

Watu watakwambia mwachie Mungu. Wanaosema hivyo hawajaona figo zikiua: vidonda mdomoni, kutapika mpaka hakuna cha kutapika, degedege. Mnyama uliyempa jina, akakulindia watoto, unamwachia hayo ili wewe ubaki na mikono safi? Tuache unafiki. Na usimpe Panadol wala diklofenaki ya nyumbani ukidhani unamsaidia. Dawa zetu za maumivu zinaweza kumuumiza zaidi, tumbo, ini na figo.

Daktari alikuja nyumbani, akamchoma sindano uani kwenye gunia lake. Sindano ya kwanza ilimlaza usingizi. Ya pili, dawa ya usingizi kwa kipimo kikubwa mno, iliingia kwenye mshipa wa mguu, na moyo ukasimama dakika hiyo hiyo. Haya huambiwi mapema: macho hayafumbi. Mkojo unaweza kutoka. Anaweza kuvuta pumzi moja kubwa baada ya kufa, mama alipiga kelele akidhani amefufuka. Hata hivyo kaa naye. Wanaosema hawawezi kutazama ndio hao hao waliopiga naye picha akiwa mtoto. Kaa naye, shika kichwa.

Shimo lichimbwe refu, mbali na maji. Letu tuliliweka mbali na mfongo, mfereji wetu wa maji, likanifika kiunoni. Si mbwembwe. Dawa ile inabaki mwilini, na mbwa mwingine au mwewe akiufukua mzoga na kuula anaweza kufa.

Baba mdogo alikuja juu: kihambani, shamba letu la ukoo, wamelala wazee, mbwa anaingiaje? Nikamsikiliza kwa heshima, nikachimba nyuma ya zizi, mbali na makaburi. Lakini juu yake nikapanda sale, ule mmea wa majani marefu. Hapo ndipo aliponuna kabisa, maana kwetu Wachaga sale ni la mpaka, la kaburi la mtu na la kuombea msamaha. Mimi sioni lipi kati ya hayo Sijali hakustahili, ukizingatia mipaka yetu ililindwa na nani. Silingoi. Anayetaka kulijadili asubiri Desemba, ukoo ukirudi wote kwa sikukuu. Nitakuwepo, na shemeji naye aje.